Yahoo walitukosa vipi wakati wote tulikuwa kwao? Na Google je?

Kijana_wa_Posta (mleta mada)

Wakuu habari za leo. Kuna kitu kinanisumbua nimeona nikilete hapa maana najua kuna watu waliokula chumvi nyingi kwenye haya mambo. Juzi napitia maombi ya kazi ofisini, vijana wote ni gmail, halafu nakutana na mzee mmoja anaomba udereva imeili yake inaishia yahoo.co.uk, nikakumbuka kwamba kuna kipindi hapa Dar ukimwomba mtu imeili anakutajia yahoo, kuwa na nyingine ilikuwa ni ushamba kabisa.

Sasa swali langu. Hawa jamaa walikuwa na imeili, mesenja, habari, magrupu, picha (Flickr waliinunua 2005), utafutaji, kila kitu ambacho leo tunakifuata kwa makampuni manne matano tofauti wao walikuwa nacho chini ya paa moja, na walikuwa na watu. Watu ndio kitu kigumu kupata mtandaoni. Walitukosa vipi?

La pili, naona madogo wa siku hizi hawagugo tena. Mdogo wangu yuko chuo, akitaka kujua kitu anaiuliza ChatGPT moja kwa moja, anasoma jibu, anafunga, hafungui tovuti hata moja. Kwa mtazamo wangu Google anapita njia ileile aliyopita Yahoo. Leteni hoja.

Fundi_Kafe

Mkuu umenigusa sana. Mimi nilikuwa nahudumia intaneti kafe Mwanza miaka ya elfu mbili na kidogo, kabla ya mikonga ya baharini, maana mkonga wa SEACOM umefika 2009, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea dishi la setilaiti, laini moja mnagawana mashine zote za kwenye chumba. Mteja ananunua nusu saa, unampa kikaratasi chenye namba, anaingiza, saa inaanza kurudi nyuma pale kwenye kona ya skrini na macho yake yote yako hapo.

Sasa akifungua Yahoo anakutana na nini? Hali ya hewa, nyota, wasanii wa Marekani wameachana, bei za hisa, tangazo linarukaruka, vyote vinashuka kidogo kidogo wakati yeye amekuja kusoma barua moja tu ya mdogo wake aliyeko masomoni India. Dakika tano zimekwenda hajafika hata kwenye kisanduku cha barua. Tulikuwa tunawafundisha wateja waandike barua kwanza kwenye Notepad kabla hawajaanza kulipia, wakimaliza ndo wanunue muda, wafungue, wabandike, watume, watoke. Ukifungua Google ulikuwa unaona ukurasa mweupe na kisanduku kimoja, basi. Nikaiweka iwe ukurasa wa kwanza kwenye mashine zote. Mapenzi na kampuni hayakuwepo hapo, mteja ndo alikuwa analia muda wake unaliwa.

Halafu nafasi. Gmail ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004, watu wakadhani ni utani wa sikukuu ya wajinga, GB 1 nzima wakati Yahoo walikuwa wanatoa MB 4 na Hotmail MB 2. MB 4 ni picha chache za kamera ya dijitali na umejaa, barua mpya zinamrudia aliyetuma. Nimeona mtu anafuta barua za mchumba wake moja moja, anasoma kila moja kabla hajaifuta, ili tu barua ya usaili wa kazi ipate pa kuingilia. Yahoo wakaongeza mpaka MB 100 mwaka huohuo na 2007 wakasema hakuna kikomo, sawa, ila muda wote wako nyuma wanafuata. Kampuni iliyokuwa mbele ya wote ikageuka ya kufuata, na ukishakuwa wa kufuata mteja anakuhisi.

Hesabu_Zangu

Fundi naheshimu sana uzoefu wako ila mimi siamini kwamba spidi ndiyo iliyowamaliza. Yahoo hawakujua wao ni kampuni ya nini, na hilo lilianza mapema sana.

Jerry Yang na David Filo walianza 1994 pale Stanford na orodha ya tovuti zilizopangwa kwa mkono, watu wanakaa wanasoma tovuti na kuziweka kwenye makundi. Mtandao ulipokua orodha ya mkono haikuweza kwenda nao, ikabidi waazime mashine ya kutafutia kwa wengine, na kuanzia 2000 mpaka 2004 aliyekuwa anawapa majibu ni Google. Ulikuwa unatafuta kwenye Yahoo lakini majibu ni ya Google na jina lake liko palepale kwenye ukurasa. Yaani wenyewe kwa mikono yao ndo walimtambulisha Google kwa wateja wao kila siku kwa miaka karibu minne! Na sababu ya kufanya hivyo ilikuwa na mantiki ya wakati ule, pesa yao ilitoka kwenye matangazo ya picha, kwa hiyo walitaka mtu akae ndani ya Yahoo asitoke, wakati utafutaji mzuri kazi yake ni kukutoa haraka uende unakotaka. Waliona utafutaji ni mlango wa kupotezea wateja.

2001 wakamleta Terry Semel kutoka Warner Bros., mtu wa sinema, akaiona kampuni kama chombo cha habari na burudani. Na hapa ndo panaponiuma, maana 2003 wakainunua Overture kwa dola bilioni 1.63, na Overture ndo waliokuwa na biashara ya kunadi maneno, mtangazaji anaweka dau kwenye neno fulani na analipa mtu akibofya. Hiyo ndo biashara iliyomfanya Google awe Google. Overture walikuwa wameshamshtaki Google kwa kutumia ubunifu wao, kesi ikamalizwa 2004 kwa Google kutoa hisa milioni 2.7 kwa Yahoo. Kwa hiyo mashine ya pesa walikuwa nayo ndani, kihalali, na bado mfumo wao mpya wa matangazo ukaja kutoka 2007, wakati huo mwenzao ameshaenda mbali.

Mnajua wengine, Februari 2008 Microsoft wakaweka mezani dola bilioni 44.6 kuinunua Yahoo, Yahoo wakakataa. 2017 biashara ileile ikauzwa kwa Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, dola bilioni 4.48. Na katikati hapo mabosi walikuwa wanabadilishwa kila mara, kila mmoja anakuja na Yahoo yake kichwani.

Msee_wa_Umoja

Niko Nairobi na nimesoma zote. Boss Hesabu uko sawa kwa mengi lakini hiyo ya Microsoft watu huipeleka vibaya. Microsoft walikuwa wanatoa dola 31 kwa hisa moja. Verizon wakimaliza kununua Juni 2017, hisa ya Yahoo ilikuwa imepita dola 50. Inawezekanaje kampuni ife na hisa ipande? Alibaba, ile kampuni ya China ya kuuza vitu mtandaoni. 2005 Yahoo walitoa dola bilioni 1 wakachukua karibu asilimia 40 ya Alibaba, na Jerry Yang ndiye aliyeamini hiyo kitu. Alibaba walipoingia soko la hisa New York 2014 walikusanya dola bilioni 25, ikawa rekodi ya dunia kwa wakati huo. Kitu Verizon walinunua ni tovuti na imeili, hisa za Alibaba zikabaki kwa kampuni ingine waliyoiita Altaba.

Kwa hivyo wenye hisa waliovumilia walikula vizuri tu. Waliopoteza ni sisi tuliokuwa tunatumia. Hiyo ndiyo kitu hunikasirisha na hizi story za biashara za teknolojia, mtu anahesabu mabilioni mwanzo mpaka mwisho na hakuna mahali unaona mtumiaji. Wizi wa data wa 2013 uligusa akaunti bilioni 3, yaani zote, na tuliambiwa ukweli wote Oktoba 2017, baada ya mauzo kuisha. Hiyo ndiyo mimi naiita kifo cha Yahoo.

Sasa Google. Mleta mada, usiwazike mapema. Agosti 2024 jaji wa Marekani, Amit Mehta, aliamua kwamba Google wamevunja sheria kulinda ukiritimba wao wa utafutaji, na kwenye hiyo kesi ilitoka kwamba 2021 pekee walilipa zaidi ya dola bilioni 26 ndio wawe chaguo la kwanza kwa simu na browza za wengine. Yahoo hawakuwahi kuwa na hiyo nguvu. Enda Luthuli Avenue ununue simu yoyote ya bei ya chini, iwashe, ni Android, mfumo wa Google wenyewe, Google imo ndani kabla hujaweka hata laini, na sasa AI (akili bandia) yao pia imo humohumo. Huyo mdogo wako hatahama, watamfuata pale alipo.

Binti_Pemba

Assalaam aleikum jamani. Mie niko Uingereza miaka mingi na nimeisoma mada hii kwa hamu kwani mumenikumbusha Yahoo Groups, na naona hakuna aliyezitaja vizuri. Kabla ya WhatsApp sisi tulio nje tulikuwa tunaishi mule. Ukoo wetu ulikuwa na grupu, ikitokea arusi, ikitokea msiba, mtu kapata mtoto Muscat au Toronto, barua moja inawafikia wote. Babu yetu alikuwa anasimulia nasaba kwa mdomo, mjukuu mmoja anamwandikia na kuituma kidogo kidogo, nani kamzaa nani, nani katoka Wete kaenda Mombasa, nani kaenda Oman asirudi tena. Watu wanajibu, "hapana, yule mamake si huyo ni fulani", inarekebishwa palepale.

Oktoba 2019 wakatangaza kwamba hakuna kuweka kitu kipya tena na vilivyomo vitafutwa, mwisho wa kupakua ukasogezwa mpaka Januari 2020, na Desemba 2020 huduma yenyewe ikazimwa. Sisi tulibahatika, binamu yetu anajua mambo haya, akapakua zote, zipo kwenye flashi na nakala nyingine kachapisha kwa karatasi kampa bi mkubwa nyumbani. Ila fikirieni magrupu mangapi ya Waswahili yalikuwa mule ambayo mwenye paswedi keshafariki au keshasahau! Na haikuwa mara ya kwanza, GeoCities, ile huduma ya mtu kujitengenezea ukurasa wake, waliinunua 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3.5 wakaifunga 2009, kurasa za watu kwa mamilioni, na nyingi tunazoziona leo zimeokolewa na watu wa kujitolea waliokesha kuzinakili.

Kwa hivyo nyinyi mwaulizana nani kamshinda nani, mie najiuliza kampuni inapokwisha maandiko yetu yanabaki kwa nani. Na sasa yote tumeyahamishia WhatsApp, sauti za wazee wetu zimo mule, mtu simu ikianguka majini na hakuweka nakala basi ndo zimekwenda.

Kijana_wa_Posta (mleta mada)

Da Binti umenipeleka mahali sikutegemea kabisa, asante sana. Msee nimekubali hoja ya Android, ina uzito. Lakini bado nina wasiwasi na hili la AI kwa upande mwingine. Zamani Google anakuonyesha tovuti, unaingia, mwenye tovuti anapata wasomaji na tangazo lake linaonekana. Saivi jibu linakaa juu kabisa, unalisoma unaondoka. Aliyeandika anapata nini?

Fundi_Kafe

Hapo ndo penyewe mkuu. Hayo majibu ya AI juu ya ukurasa Google waliyaachia Marekani Mei 2024, na siku za mwanzo yakamshauri mtu aweke gundi kwenye piza ili jibini lisidondoke, kisa ilitoka kwenye utani wa zamani ulioandikwa Reddit, jukwaa la mijadala kama hili letu. Mashine haina habari na chakula, inakusanya walichoandika watu. Kwa Kiingereza hata wakiacha kuandika leo, kilichopo kinatosha kuwalisha miaka. Kwa Kiswahili je? Jaribu kuiuliza dawa ya wadudu wa mahindi au utaratibu wa kuhamisha hati ya kiwanja, utaona Kiswahili kimenyooka kabisa lakini maelezo ni ya nchi nyingine. Ni kwa sababu walioandika mambo hayo kwa lugha yetu ni wachache, na hao wachache wakiona hakuna anayefungua blogu zao wataacha. Mimi hili linaniogopesha kuliko Google kufa. Google akifa atakuja mwingine.

Hesabu_Zangu

Fundi nakuunga mkono asilimia zote, na naongeza, Google mwenyewe ameshaona, ndo maana Februari 2024 aliingia mkataba wa kulipia maudhui ya Reddit. Wakubwa wanalipwa. Mwalimu wa Songea mwenye blogu yake ya masomo ya biolojia hakuna anayempigia simu.

Msee_wa_Umoja

@Binti_Pemba hebu tuelezee huyo binamu wako alifanya aje, kuna watu hapa wako na imeili za miaka kumi na tano na hawajawahi kuweka nakala. Mamangu mmoja wao.

Binti_Pemba

Ndugu yangu, ile ya magrupu ilishakwisha, ila kwa Gmail ni rahisi. Fungua takeout.google.com, ondoa alama zote kwanza, halafu weka alama kwenye barua peke yake, na picha kama wazitaka. Wao watatayarisha, yaweza kuchukua saa kadhaa au hata siku, kisha watakutumia kiungo. Kiungo kina muda, ukikaa wiki kimekufa, basi usikiweke kiporo. Barua zinakuja kwenye faili moja la mbox, unalifungua kwa programu ya Thunderbird, haina malipo. Usijaribu kwa bando la siku, mamako mpeleke mahali penye waifai na kompyuta yenye nafasi, maana faili laweza kuwa GB nyingi. Na mkimaliza fungueni barua mbili tatu za zamani muone kama zasomeka kabla hamjaondoka hapo.