Naomba ushauri: katodi yangu ya oksidi ya shaba inakufa baada ya dakika chache

Wakuu, habari zenu. Natengeneza katodi (upande unaoyapa maji elektroni) ya kupasua maji kwa mwanga wa jua ili nipate haidrojeni. Utando wa Cu2O (ndiyo hiyo oksidi ya shaba) nauotesha kwa umeme kwenye mchanganyiko wa salfeti ya shaba na asidi ya laktiki, pH 12, na unatoka mwekundu safi kabisa. Shida inaanza nikiwasha taa: mkondo unapanda, kisha unaporomoka, na utando unakuwa mweusi. Sababu naijua, elektroni badala ya kwenda kwenye maji zinairudisha oksidi kuwa shaba tupu.

Nimeufunika kwa oksidi ya zinki, juu yake titani dioksidi ya kukinga. Imesaidia, ila volteji bado ndogo. Oksidi ya galiamu inasifiwa kwamba bendi zake (ngazi za nishati za elektroni) zinaoana na Cu2O vizuri zaidi. Kwa mliowahi kuitumia, safu iwe nene kiasi gani? (Kila sampuli inanila siku mbili, kubahatisha siwezi.) Halafu weusi huanzia pembeni, nahisi maji yanapenya kwenye vitundu vya titani dioksidi. Mnavifungaje? Kinadharia mkondo wa Cu2O kwa mwanga wa jua unafika karibu miliampea 14.7 kwa sentimita ya mraba, mimi niko 2.