Naomba ushauri: kufundisha kuvuta chuma kutoka chini kwa sahani ndogo

Wandugu, naomba mawazo ya wanaofundisha. Hapa Goma sale (kumbi za mazoezi) nyingi za mtaani zinatumia sahani ndogo, yaani zile duara za uzito zinazovishwa kwenye ncha za chuma; zingine ni simenti iliyomwagwa ndani ya kopo. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo katikati ya chuma inakaa sentimita 22.5 juu ya sakafu. Kwa hizi zetu chuma kinalala karibu na kifundo cha mguu. Anayeanza anainama mno, kiuno kinapinda kabla hajavuta. Halafu matako yanapanda kwanza, chuma kinaachana na miguu, na mzigo wote unabebwa na mgongo wa chini.

Kwa sasa sahani zinawekwa juu ya mbao pana mpaka chuma kifike katikati ya muundi. (Mawe ya volkano tumeyakataa, yanayumba.) Chuma juu ya katikati ya unyayo, mikono imenyooka, pumzi imejazwa tumboni, kisha miguu inasukuma sakafu. Seti 3 za marudio 5. Uzito hauongezwi mpaka rudio la mwisho lifanane na la kwanza, hata vijana wakinuna.

Maswali: mbao zishushwe kidogokidogo, au zibaki hapo mpaka sahani kubwa zipatikane? Mwenye mapaja marefu apanuliwe miguu tangu mwanzo? Na sahani za simenti, mbili za kopo moja zinaweza kutofautiana uzito: mnazisawazisha vipi baada ya kuzipima?