Setilaiti hupimaje upepo wa baharini, na mbona mbele ya Tanga ramani huacha ukanda mtupu?

Mwanapwani wa Sahare

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum. Katika kikundi chetu cha wavuvi hapa Sahare nimepewa kazi ya kuangalia hali ya upepo kabla mashua hazijatoka, na pamoja na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa nafungua ramani za upepo zitokanazo na rada za setilaiti. Mambo mawili yananitatiza. Kwanza, setilaiti iliyo juu kwa zaidi ya kilomita 800 hujuaje kasi ya upepo, ilhali upepo hauonekani? Pili, mishale ya upepo imejaa tele mashariki ya Pemba, lakini kati ya Pemba na Tanga, ambako ndiko tunakovua, hubaki michache au haipo kabisa. Naomba ufafanuzi kwa anayeijua kazi hii.

Mwalimu wa Fizikia, Pangani

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Rada haiupimi upepo wenyewe, bali hupima jinsi upepo ulivyouchafua uso wa maji. Upepo unapoanza kuvuma, kitu cha kwanza kuota juu ya bahari ni viwimbi vya sentimita chache, ambavyo ndivyo vinavyoleta ule weusi unaotambaa juu ya maji, na nahodha akiuona hujua upepo umeshafika. Rada hutuma mawimbi ya redio kwa mshazari. Bahari ikiwa shwari, mawimbi hayo huteleza yakaenda zake upande wa pili, kama mwanga wa tochi uliomulikwa kwenye dimbwi lililotulia. Viwimbi vikiwapo, sehemu yake hurudi kwenye setilaiti, na kadiri upepo unavyokaza ndivyo mwangwi unavyoongezeka.

Kinachorudi kwa nguvu zaidi ni mwangwi wa viwimbi ambavyo urefu wake unalingana na mawimbi ya rada. Chombo kiitwacho ASCAT, kilichomo katika setilaiti za Ulaya za MetOp tangu mwaka 2006, hutumia masafa ya gigahezi 5.255, yaani mawimbi yenye urefu wa sentimita 5.7 hivi, na kwa mshazari wa digrii 45 viwimbi vinavyohusika ni vya takriban sentimita 4. Nguvu ya mwangwi hugeuzwa kuwa kasi kwa kanuni iliyojengwa kwa kulinganisha vipimo vya rada na vya maboya pamoja na mifumo ya utabiri, na kasi inayotolewa ni ya upepo wa mita 10 juu ya maji.

Mwelekeo una kazi yake. Mwangwi hubadilika kulingana na pembe ambayo rada inautazama upepo, kwa hiyo ASCAT ina antena tatu kila upande, na kila eneo la bahari hutazamwa na zote tatu. Hata hivyo mara nyingi hubaki majibu mawili yanayopingana takriban digrii 180, na utabiri wa kompyuta ndio unaotumika kuchagua lipi ni sahihi. Njia hii si ngeni: Seasat ya Marekani iliijaribu mwaka 1978, ikazimika baada ya miezi michache tu.

Mchora Ramani wa Raskazone

Nikamilishe swali la pili. Mwangwi wa nchi kavu ni mkubwa kuliko wa bahari, hivyo mraba wa ramani unaogusa ufuo au kisiwa hauaminiki, nao hufutwa. Miraba ya kawaida ya ASCAT ina nafasi ya kilomita 25 au 12.5, ilhali mlango-bahari wa Pemba una upana wa kilomita 50 hivi. Ukiondoa pembezoni mwa Tanga na pembezoni mwa Pemba, kinachobaki katikati ni kidogo mno. Zaidi ya hapo, ASCAT huchora njia mbili, moja kila upande, na kuacha pengo pana chini ya setilaiti yenyewe, kwa hiyo siku nyingine pengo hilo hutuangukia sisi.

Tazama pia saa. MetOp hutupitia kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, ikizidi au kupungua kidogo, na upepo wetu mkali, hasa wakati wa kaskazi, huja alasiri. Sentinel-1, setilaiti nyingine ya Ulaya ambayo rada yake huweza kutoa upepo kwa nafasi ya kilomita moja na kuingia hadi ndani ya mlango-bahari, nayo hupita alfajiri na jioni, tena baada ya siku kadhaa, na haina antena tatu, hivyo mwelekeo huazimwa kwingine. Utadhani zimeagana kuikwepa alasiri yetu! Oceansat-3 ya India hupita karibu na adhuhuri, ila masafa yake, ya takriban gigahezi 13.5, husumbuliwa na mvua zaidi kuliko ya ASCAT. Namba zake wakati wa masika zipokee kwa tahadhari.

Mwanapwani wa Sahare

Ahsanteni sana. Limebaki moja: wakati wa kusi manahodha wetu husema ramani inataja upepo pungufu kuliko ule wanaoukuta. Je, wanatia chumvi?

Mzee wa Kigombe

Hawatii chumvi, mwanangu. Mkondo wetu wa pwani huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huenda kasi zaidi, hata kuvuka mita 1 kwa sekunde. Viwimbi huota kutokana na tofauti ya mwendo wa upepo na mwendo wa maji; maji yakikimbia upande uleule wa upepo, tofauti hupungua na rada husoma kasi ndogo. Mkondo wa mita 1 kwa sekunde unakula karibu noti 2 (maili 2 za baharini kwa saa) za upepo ambao bendera ya ufukweni inauonyesha. Kaskazi likivuma mambo hugeuka, kwa kuwa upepo na mkondo hukabiliana: rada husoma zaidi, na mawimbi huinuka mafupi na makali, hata pale ambapo namba ya ramani haitishi.