Mrejesho: kuku na bata kulala banda moja, hapa Jinja

Habari zenu wakubwa. Niliuliza kama kuku na bata wanaweza kulala pamoja, maana pumba za kahawa nilizotandaza bandani zilikuwa zinalowa kila asubuhi na kunuka. Wanalala pamoja bado, ila maji yao ya kunywa nimeyahamishia nje.

Mwenye kosa ni beseni la maji. Bata hanywi tu, lazima azamishe mdomo mpaka puani, na matope yote anayaacha humo. Sasa beseni liko chini ya migomba, juu ya kokoto, na usiku banda halina maji wala chakula. Pumba zimekauka. Maji machafu namwagia migomba (mama watoto anasema matoke yatanuka bata, tutaona). Vifaranga wa kuku waliokuwa wanaharisha damu nimewatenga, maana koksidia, vijidudu vinavyoleta kuhara huko, hupenda unyevu.

Aliyenishauri nimlalishe kuku juu ya mayai ya bata, nimefanya. Bata wetu hawa wenye uso mwekundu huanguliwa baada ya siku 35 hivi, si 21 kama kuku, kwa hiyo chakula nakiweka karibu na kiota asije akasusa. Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) tayari.

Jogoo bado anawafukuza bata. Hilo sijalipatia dawa.