Samaki wa katoni kwa bei ya ngege: hoteli yetu ya Manyatta imekwisha

Wadau wa Kisumu, leo nina hasira na sitaificha. Jina la hoteli silitaji, ila kama unakaa Manyatta na umewahi kukalia lile benchi la kijani lililowekewa kigae chini ya mguu mmoja, unajua ni wapi.

Nimekula pale miaka kumi na moja. Nilianza nikiwa kibarua wa mjengo, nakula kwa daftari, nalipa Jumamosi. Mama mwenye hoteli hakuwa na haja ya kuniambia karibu. Nikiinamisha kichwa mlangoni anauliza tu, "Mkavu au wa mchuzi?" Baba alipofariki tulipita hapo alfajiri tukitoka mochari, akatufungia samaki na ugali, akakataa pesa. "Kuleni kwanza, nyathina, Ugenya ni mbali." Kazi ya kudumu nilipoipata, alijua yeye kabla ya mke wangu, na kwa hilo nyumbani nilinuniwa siku mbili.

Mwaka jana magoti yalimshinda. Akarudi kwao Siaya, biashara akamwachia mtu wa ukoo.

Wakapaka rangi, wakaleta meza za kioo na runinga ya kelele. Haya. Ugali wa mtama ukatoweka, eti hauulizwi. Nani hauulizi? Mimi nauliza kila siku! Akeyo, ile mboga yetu ya kienyeji, ya kulazwa na maziwa nayo ikaondoka, tukabaki na sukuma wiki iliyokatwa kama majani ya ng'ombe. Nikanyamaza.

Lakini samaki, ndugu zangu?

Alhamisi niliagiza ngege, yaani tilapia wetu wa Ziwa Victoria, wa mchuzi. Nikaletewa samaki ambaye nyama yake inamomonyoka kabla hujaigusa, majimaji, haina hata harufu ya ziwa. Nikatazama meza ya jirani: samaki wake na wangu ni pacha, urefu sawa, unene sawa, kama matofali. Mama alikuwa akichanja samaki mikato mitatu kila ubavu ili chumvi ipenye. Huyu hakuwa na mkato hata mmoja. Nikamuuliza weita, akanijibu bila kupepesa jicho, "Huyu ni wa ufuo wa Dunga, ametoka majini leo asubuhi."

Nikaenda kunawa mikono. Mtungi wa maji uko kando ya mlango wa jikoni, na mlango ulikuwa wazi. Sakafuni kuna katoni tatu zenye maandishi ya Kichina, barafu inayeyuka, na kijana anagonganisha samaki wawili walioshikana ili waachane. Ko! Ko! Wa Dunga huyo.

Bili: shilingi 500. Bei ileile ya ngege wa ziwani.

Sasa kabla hamjaniambia najifanya mjuaji: najua ziwa limechoka. Gugu maji linafunga ghuba, nyavu za macho madogo zinabeba hadi vifaranga, na sangara aliyetiwa humo miaka ya 1950 amekula wenzake kiasi hiki. Ngege ni ghali kwa mpishi pia. Na samaki wa China si siri, hata Rais Uhuru Kenyatta alihoji hadharani mwaka 2018 kwa nini tunamwagiza. Akina mama sokoni wanamuuza wazi, kwa bei yake, na mwenye mfuko mwembamba anamchukua akijua. Mimi mwenyewe nimempeleka nyumbani mwisho wa mwezi.

Nendeni Obunga. Pale wanakaanga mifupa iliyobaki viwandani baada ya minofu kutolewa, na wanaiitaje? Mgongo wazi! Jina lenyewe limekuambia hakuna nyama. Unalipa kidogo, unafyonza, unaenda zako, hakuna aliyekudanganya. Hawa wangu wa meza za kioo wameshindwa na hilo tu.

Nilipomwambia huyu wa ukoo aliyeachiwa hoteli, alinijibu, "Boss, wateja wengine hawalalamiki." Boss! Miaka kumi na moja halafu mimi ni boss.

Na msinielekeze Dunga kwenyewe. Nina saa moja ya chakula cha mchana, boda kwenda na kurudi inamaliza nusu yake na hela ya samaki pia. Nataka mahali Manyatta, Kondele au karibu na Kibuye ambapo mpishi anamparua samaki mwenyewe na ugali wa mtama upo. Mnaojua, tajeni.

Jambo la mwisho. Jumamosi nilinunua mandazi palepale, kwa mazoea tu, miguu ilinipeleka. Yakafungwa kwa karatasi yenye mistari. Kufungua, naona mwandiko wa mama: "fundi viatu, supu 2, 120." Wamechana daftari lake, wanafungia mandazi. Mimi nilikuwa na deni la 340 humo, sikuwahi kulimaliza. Anayejua mama yuko upande gani wa Siaya aniandikie faraghani.