Tupeane uzoefu: nani kagusa tovuti iliyokwisha ikamgeuka?

Mwana wa Mkomani (mwenye mada)
Asalaam aleykum wadau. Hilo neno wadau lishikeni, nalirudia.

Nyumba moja ya wageni hapa Amu ina tovuti ya miaka mingi, haina tatizo. Mwenyewe hataki mpya. Anataka bei zibadilishwe, na palipoandikwa dau pawe jahazi, kwa kuwa dau ameliuza. Nikaona kazi ya nusu saa hii. Nikaingia kwenye databesi, ghala la maandishi yote ya tovuti, tafuta "dau", weka "jahazi", kote kwa mpigo. Nakala ya akiba sikuchukua.

Asubuhi simu: "Mwanangu, hawa wajahazi ni kina nani?"

Ukurasa wa mbele ulikuwa na "Tunawashukuru wadau wetu wote". Sasa unasoma "Tunawashukuru wajahazi wetu wote". Picha nazo hazionekani, maana faili kwenye seva zinaitwa dau1.jpg na dau2.jpg, na kurasa zinatafuta jahazi1.jpg. Kilichosalimika ni "madau", lililogeuka "majahazi", tena kwa bahati tu.

Kosa la pili ndilo lililonimaliza. Nikasema ngoja nigeuze, jahazi iwe dau, tuanze upya. Kumbe mlikuwa na majahazi ya asili humo, kwenye habari za mashindano. Nayo yakawa madau. Hapo hakuna tena wa kukwambia lipi lilikuwa lipi. Siku mbili nasoma ukurasa baada ya ukurasa. Leteni zenu, nisijione niko peke yangu.

Kaskazi
Pole ndugu yangu, lakini nimecheka.

Fundi wa Malindi
Huku wateja wetu wengi Waitalia. Tulihamisha tovuti ya hoteli kwenda seva nyingine. Tukapitia Kiingereza, sawa. Kiswahili, sawa. Tukaenda zetu kula. Hatukufikiri kwamba Kiswahili hakina herufi za vijialama juu, kwa hiyo kisingetuonyesha kitu. Kwenye kurasa za Kiitaliano kila "è" ilikuwa imegeuka "Ã¨". "Il mare è vicino" ikawa "Il mare Ã¨ vicino". Aliyetushtua ni mgeni, tena kwa upole, akiuliza kama ni lugha ya Kigiriama.

Maandishi yalihifadhiwa kwa UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi kwa namba (baiti), ambamo è ni baiti mbili. Seva mpya ikayasoma kama Latin-1, utaratibu wa zamani, ambamo kila baiti ni herufi yake. Siku hizi nina ukurasa uliofichwa wenye è, à, ù na €. Nikigusa chochote naufungua huo kabla ya mwingine wowote.

Bi Kofia
Mimi si fundi, nauza kofia za mkono. Kijana wangu alizipa kurasa anwani nzuri zaidi, akasema za zamani ni mbaya. Mbaya sawa, lakini ndizo nilizochapisha kwenye kadi, na kadi ziko kwenye mikoba ya watu Ulaya. Anayebonyeza anaambiwa ukurasa haupatikani. Mwezi mzima sikupata oda, nikadhani ni mvua.

Fundi wa Malindi
Shikamoo Bi. Mwambie aweke elekezo la 301, yaani la kumhamisha mgeni moja kwa moja, kutoka kila anwani ya zamani kwenda mpya yake, si zote kwenda ukurasa wa mbele. Kadi zitafanya kazi kama kwanza.

Bi Kofia
Marahaba mwanangu. Ameshaweka. Nilimkalia hapo hapo nikabonyeza kila kofia kwa mkono wangu.

Kaskazi
Mimi nilitengeneza nakala ya kujaribia, nikaifungia Google isiisome, nikafanya kila kitu kwa adabu. Nilipoipandisha kuwa tovuti yenyewe, lile katazo likapanda nalo. Wiki tatu tukitafutwa hatupo. Alama moja ya tiki niliyosahau kuitoa!

Mgeni hapa
Na wakati wa kufanya je? Usiku?

Fundi wa Malindi
Usiku nani atakuokoa stima ikipotea katikati ya kupakia? Mimi ni asubuhi, tena mwezi wa Mei, hoteli nyingi zimefungwa kwa mvua. Desemba sigusi hata nukta.

Mgeni hapa
Mwenye mada, kwa nini hukutafuta dau lenye nafasi pande zote mbili?

Mwana wa Mkomani
Ningeziacha "dau," na "dau." na mwanzo wa mistari. Kiswahili chetu kinagandisha viambishi, lazima uone kila mahali kwa macho. Tena nashukuru, dau na jahazi ngeli moja: dau letu, jahazi letu. Sentensi hazikuvunjika.

Mwana wa Mkomani
Jamani. Mzee kanipigia sasa hivi. Jahazi nalo ameliuza. Amenunua mashua.