Kampuni 38, miaka 10: nianze na SPSS, Stata au R?

Mwanagenzi_Tudor
Assalam aleikum wenzangu. Nasomea uzamili wa uhasibu hapa Mombasa. Mada yangu: je, kamati ya ukaguzi yenye wajumbe huru wengi hupunguza kuchezewa kwa faida katika kampuni za soko la hisa la Nairobi? Nina taarifa za fedha za kampuni 38 zisizo benki wala bima, 2014 hadi 2023. Somo letu la takwimu liliishia kwenye rigresheni ya kawaida. Nijifunze programu gani, na modeli ya Jones iliyorekebishwa, ile ya kukadiria faida iliyochezewa, naianzaje?

Mizania_Kizingo
Waaleikum salaam. Programu isikushughulishe sana. R ni ya bure na inatosha. Stata ni nzuri ikiwa chuo kina leseni, ila SPSS itakubana ukifika kwenye data ya paneli, yaani kampuni zilezile kwa miaka mingi. Kazi ngumu iko kwenye jedwali lako la Excel.

Mstari mmoja uwe kampuni moja kwa mwaka mmoja, usitandaze miaka kuelekea kulia. Hiyo ni mistari 380. Lakini modeli ya Jones hugawanya kila kitu kwa jumla ya mali za mwaka uliotangulia, kwa hivyo usipoingiza takwimu za 2013, mwaka 2014 wote unapotea na unabaki na 342.

Kagua vipimo. Safaricom huandika kwa mamilioni ya shilingi, nyingi nyingine kwa maelfu. Kosa hili hujificha, maana uwiano hutoka sawa tu, juu na chini vyote vikiwa mamilioni. Kinachoharibika ni logi ya mali unayotumia kama ukubwa wa kampuni, na kile kigeu cha 1/mali.

Kagua na urefu wa mwaka. Kenya Airways ilihamisha mwisho wa mwaka wake kutoka Machi hadi Desemba, na kipindi kilichoishia Desemba 2017 kilikuwa cha miezi tisa. Toa mstari huo pamoja na wa 2018, kwa sababu mabadiliko ya mauzo yanapotoka pande zote mbili.

Mabadiliko ya mauzo yachukue ndani ya ripoti moja: mwaka huu, na mwaka wa kulinganishia uliochapwa kando yake. Takwimu zikirekebishwa, ripoti ya mwaka jana haitakubaliana nayo.

Na tafadhali usichague kampuni zilizosalia hadi 2023 peke yake. ARM Cement iliwekwa chini ya wasimamizi 2018, na Mumias chini ya mrasimu 2019. Ziingie, zitoke pale taarifa zao zinapokoma. Ukiziondoa tangu mwanzo umeondoa hasa zile zilizokuwa na shinikizo kubwa la kupamba hesabu.

BintiHesabu
Niongeze upande wa Jones. Akruali ni sehemu ya faida ambayo haikuja kama fedha taslimu. Jumla yake ni faida baada ya kodi, toa fedha taslimu zilizotokana na uendeshaji. Zichukue moja kwa moja kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Ukizitafuta kwa kulinganisha mizania mbili, kampuni ikinunua nyingine utapata akruali ambazo hazipo.

Gawa kwa mali za mwaka uliotangulia, kisha endesha rigresheni juu ya vigeu vitatu: 1/mali, mabadiliko ya mauzo, na mali za kudumu kabla ya kutoa uchakavu. Viwili vya mwisho navyo ugawe vivyo hivyo. Ukishapata vigawo, rudi utoe mabadiliko ya wadaiwa kutoka kwa mabadiliko ya mauzo, ndipo ukokotoe akruali za kawaida. Hayo ndiyo marekebisho ya Dechow, Sloan na Sweeney ya 1995. Tofauti inayobaki ndiyo akruali za hiari, kipimo chako cha kuchezewa kwa faida.

Marekani hukadiria kwa kila sekta, kila mwaka. Kwetu haiwezekani: huwezi kukadiria vigawo vitatu kwa kampuni tano. Changanya kampuni zote, weka vigeu vya mwaka na vya sekta (vya 0 au 1), na uliseme hilo waziwazi kwenye sura ya mbinu.

Tazama sana 2019. IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ukodishaji, ilihamisha malipo ya msingi wa pango kutoka uendeshaji kwenda kwenye ufadhili. Fedha za uendeshaji zikapanda na akruali zikashuka, bila mkurugenzi yeyote kugusa kitu. Vigeu vya mwaka huondoa sehemu tu, maana mwenye maduka mengi ya kukodi aliguswa zaidi. Rudia uchambuzi kwa miaka ya kabla na ya baada, ulinganishe.

Mwanagenzi_Tudor
Shukran sana. Swali jingine: kamati hazibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Bado nitumie athari zisizobadilika za kampuni, zinazolinganisha kila kampuni na yenyewe tu?

Ustadh_Paneli
Hapo ndipo wengi hukwama, kwa hivyo pima kwanza. Kwenye Stata andika xtset kampuni mwaka, halafu xtsum. Mkengeuko wa ndani ya kampuni ukikaribia sifuri, athari zisizobadilika hazina cha kulinganisha, na thamani kubwa ya p haimaanishi kwamba kamati hazina kazi. Inamaanisha data haikuweza kujibu.

Badala ya jaribio la Hausman la kuchagua kati ya athari zisizobadilika na athari nasibu, ambalo kwa umbo lake la kawaida haliendani na makosa sanifu yaliyokusanywa kwa klasta (yaani kwa makundi ya mistari inayohusiana), ongeza wastani wa kila kigeu kwa kila kampuni ndani ya modeli ya athari nasibu. Ndiyo njia ya Mundlak. Utaona kando kando tofauti kati ya kampuni na mabadiliko ndani ya kampuni.

Makosa sanifu yakusanye kwa kampuni. Klasta 38 zinavumilika. Usiyakusanye kwa mwaka, klasta kumi ni chache mno. Vigeu vya mwaka vinatosha.

Ukibana ncha kwa asilimia 1 na 99, yaani kurudisha thamani zilizo nje mno kwenye mipaka hiyo, kwenye mistari 380 unagusa kama minne kila upande. Ifungue mmoja mmoja dhidi ya ripoti kabla ya kuibana. Mara nyingi ni sifuri iliyozidi au alama ya kutoa iliyosahaulika kwenye mabano ya hasara.